Wanafunzi wa Marekani Wajifunza Usanifu Likizoni, Wetu Je?

Kila mwaka ifikapo mwezi wa Juni, shule za sekondari za Marekani hufungwa kwa likizo ndefu ya kiangazi. Baadhi ya wanafunzi, badala ya kukaa nyumbani, huingia vyuo vikuu kwa majuma machache ili kuionja kazi ya usanifu wa majengo kabla ya kuichagua. Carnegie Mellon, katika mji wa Pittsburgh, ni chuo kimoja kinachowapokea. Cornell ni kingine. Kijana hukaa mezani na penseli, kisu na kadibodi, akachora na kuunda mfano wa jengo kwa mikono yake. Kisha kazi hutundikwa ukutani na walimu huikosoa mbele ya wenzake. Asiyeweza kuvumilia kukosolewa hujua mapema kwamba kazi hii si yake, na hiyo pia ni faida.

Lakini tusidanganyike. Masomo haya ni biashara vile vile. Ada yake aghalabu hufika maelfu ya dola, na aliyehudhuria hapewi ahadi yoyote ya kukubaliwa chuoni baadaye. Mwana wa tajiri huingia, na mwenye kipawa kitupu hubaki mtaani.

Wasanifu weusi wa huko waliliona jambo hili. Mwaka 1971 wasanifu 12 walikutana wakaunda chama chao, NOMA, kwani walikuwa wachache mno katika kazi hiyo. Hata leo, katika kila wasanifu 100 wenye leseni nchini humo, weusi ni kama 2 tu. Chama hicho kina kambi za likizo ziitwazo Project Pipeline, ambamo wasanifu wenyewe huwachukua watoto wa miji yao na kuwafundisha kuutazama mji kabla ya kuuchora.

Hapo ndipo penye funzo letu. Mtoto wa Lamu au wa Mji wa Kale, Mombasa, amezaliwa ndani ya darasa. Daka la nyumba humkalisha mgeni barazani bila ya kumwonyesha ya ndani, na njia ya kuingilia hupinda ili jicho la mpita njia lisifike kiwandani. Hiyo ni sitara iliyojengwa kwa mawe. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zina urefu wake, na ukuta mnene wa mawe na chokaa huzuia joto la mchana. Nani amemwambia mtoto huyu kwamba huo ni usanifu? Yeye hudhani usanifu ni ghorofa ya vioo, ambayo mchana haikaliki bila mashine ya baridi.

UNESCO iliuweka mji wa Lamu katika urithi wa dunia mwaka 2001. Sifa hiyo tunaifurahia, lakini haimfundishi kijana kuchoma chokaa, na mafundi wanaojua wanazidi kuzeeka.

Wakati wa likizo watoto wetu huenda madrasa asubuhi, na alasiri wengi hawana la kufanya. Anatakiwa fundi mmoja, msanifu mmoja mzaliwa wa Pwani, na mwenye nyumba aliye radhi kuwafungulia mlango. Alasiri za majuma mawili ya Desemba zatosha kuipima nyumba moja, kuichora, na kumwuliza fundi kwa nini boriti ile iliwekwa pale.