Tundu la Kutokea

Marekani kuna watu wanaojiundia ndege nyumbani. Chama chao, EAA, kilianzishwa mwaka wa 1953. Ndege ikiwa nzito wa mwendo, wengine hukimbilia injini kubwa inayobugia mafuta. Mimi napinga. Wakague kwanza mahali hewa inapotokea!

Nyingi za injini hizo hupozwa kwa hewa, kama ya pikipiki. Hewa huingia mbele, hupita kwenye mapezi ya silinda, hutokea chini ya boneti. Ikitoka polepole, tena ikielekea chini, ni sawa na matatu iingiayo barabara kuu kwa mwendo wa konokono: inavuruga mkondo wa nje na kuirudisha ndege nyuma. Basi kona za ndani zilainishwe, tundu lipunguzwe, hewa itoke kwa kasi ikielekea nyuma.

Ati tundu kubwa ndilo salama? Wakati wa kupaa, kweli, kwani injini hufanya kazi kwa nguvu zote na mwendo ni mdogo. Tundu finyu litaiunguza. Ndiyo maana nataka kilango cha kufungua na kufunga, hata kikiongeza uzito kidogo. Rubani akifunge akishafika juu, jicho likiwa kwenye kipimajoto cha silinda.