GPU si ya gemu pekee, wasee

Ukitaja GPU mtaani, watu wanafikiria vitu mbili: gemu na picha za AI. Poa. Lakini kuna kazi ya tatu ambayo hakuna mtu anaipigia kelele, na hiyo ndiyo inaweza kuamua kama familia ya kando ya mto itapata muda wa kuhama.

Kazi yenyewe ni kuiga dunia ndani ya kompyuta. Wanasayansi wanagawa anga kwa maboksi, halafu kila boksi linapigiwa hesabu: joto, upepo, unyevu. Unasogeza saa mbele kidogo, unapiga tena. Maboksi ni mamilioni na hesabu ni ile ile. Prosesa ya kawaida ni mafundi wachache wakali. GPU ni mjengo wenye vibarua maelfu, kila mmoja na jiwe lake. Kwa kazi ya kurudiarudia hivi, vibarua wanashinda.

Sasa, ukitaka kuona vizuri zaidi lazima upunguze boksi. Ukikata upana wake nusu, maboksi yanakuwa mara nne, na hatua za saa zinaongezeka mara mbili. Kazi imekuwa mara nane hivyo tu. Na utabiri ukifika baada ya mvua, huo si utabiri, ni historia.

Uswisi walilielewa hili mapema. Mwaka wa 2016 MeteoSwiss, idara yao ya hali ya hewa, ikawa ya kwanza ya kitaifa kutoa utabiri wa kila siku kwa kompyuta kuu ya GPU. Maboksi yakashuka kutoka kilomita 2.2 hadi 1.1. Na si ati walinunua mashine wakaichomeka tu. Walikaa miaka wakiandika upya programu yenyewe.

Na sisi? Mafuriko ya 2024 yaliua zaidi ya watu 200 Kenya. Onyo la mvua kubwa lilikuwa limetoka. Lakini "mvua kubwa Nairobi" haimwambii mtu wa Mathare maji yatafika kwa mlango wake saa ngapi. Hesabu za maji yakitembea mtaani pia GPU inazipenda.

Hata stima yako imo humu. Kule Olkaria, mainjinia wanaiga kilicho chini ya ardhi kujua wavute mvuke kiasi gani, na maji wayarudishe wapi bila kupoza mawe. Kukosea kwa kompyuta ni bei ya stima. Kukosea kisima ni mamilioni ya dola.

Najua mtu atasema: kwanza zibueni mitaro, wekeni vipima mvua. Ni kweli. Bila vipimo vya ardhini, mashine ya kasi inakupa jibu baya haraka. Lakini nani alisema lazima tuchague moja?

Tunachokosa sana ni watu wa kuandika hizo programu, na hapo ndipo sisi tunaingia. Vijana wa kodi tuko wengi, wengine tumeacha uni. Nataka mashine za umma ambazo yeyote mwenye wazo anaweza kuomba saa chache, awe na cheti ama asiwe nacho.

Mto ukifurika hauulizi nani ana digrii.