Usiogeshe Senti ya Kukhu na Asidi

Wasee wa Kakamega, kabla hujatumbukiza ile senti kumi ya tundu kwenye asidi ndio mwaka utokee, nisikizeni kidogo.

Najua venye mambo huenda. Sarafu imepita mikono mingi hadi tarehe imefutika, na swali la kwanza la mnunuzi ni, "Ya mwaka gani?" Halafu mtu anakunong'onezea kuna dawa: feriki kloraidi, ile mafundi wa elektroniki hutumia kuchonga bodi za saketi. Eti tone moja tu, mwaka unarudi.

Na ukweli ni kwamba wakati mwingine hurudi. Sarafu ikigongwa kiwandani, metali iliyo chini ya tarakimu hubanwa tofauti na ile ya pembeni. Asidi huila tofauti pia, alama ikajitokeza. Wamarekani wamefanya hivi sana kwa senti tano zao za nyati, za 1913 hadi 1938. Lakini angalia kinachobaki: doa, uso wa kukwaruza, na ile rangi ya miaka mingi imeenda kabisa. Mkusanyaji mzoefu ataitambua, na bei itashuka. Ukimuuzia asiyejua na unyamaze, hiyo si biashara, ni kumwibia.

Tena mara nyingi jibu liko kwa sarafu yenyewe. Soma jina lililoandikwa. Senti kumi ya Edward VIII ni ya 1936 pekee, maana aliacha kiti Desemba mwaka huo huo. Ya George VI yenye maneno IND IMP, yaani mtawala wa India, ilitengenezwa kabla India ipate uhuru 1947. Bila hayo maneno, ni ya baadaye. Na isiyo na jina la mfalme wala malkia ni ya 1964, wakati Kenya ishapata uhuru.

Utasema sarafu ni yako, ufanye unavyotaka. Sawa. Lakini asidi haina kurudi nyuma, na pia huunguza ngozi na macho. Kama ushaipaka, mwambie mnunuzi waziwazi. Kama bado, iache ilivyo, kisha umuulize kukhu alikuwa akinunua nini nayo. Hilo jibu huwezi kulipata kwa chupa.