Jiografia Yaanza Mlangoni



Mwanafunzi wa sekondari aliyelelewa Mulungwishi, au katika mitaa ya Likasi, aweza kukutajia milima ya Ulaya na mito ya Asia bila kukwama. Lakini mwulize: “Pepo za kiangazi hapa kwenu hutoka upande gani? Mvua hunyesha kiasi gani? Miti ya kando ya njia imekwenda wapi?” Pengine atanyamaza, maana hakuambiwa kwamba hayo nayo ni jiografia. Basi leo twasema na walimu, wazazi na wanafunzi pamoja.

Mji si matofali na mabati tu; una hewa yake, udongo wake na miti yake. Tazameni Lubumbashi. Tanuru la kuyeyushia shaba lilianza kazi huko mwaka 1911. Kwa kuwa pepo za kiangazi huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, moshi uliangukia upande wa kaskazini-magharibi miaka mingi. Huko miti ilikufa, udongo ukajaa madini, na mvua ikausomba. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu kuotesha tena majani na miti katika udongo wa namna hiyo kwa kutia chokaa na mboji. Je, liko somo la pepo lililo wazi kuliko hilo?

Sasa tuje kwenye makala, yaani makaa ya miti. Ili kupata kilo 1 ya makala katika tanuru la udongo, hutakiwa kilo 5 za kuni au zaidi. Ndiyo sababu mwitu wa miombo wazidi kurudi nyuma mbali na miji. Nyaya za umeme hupita juu ya vichwa vyetu kwenda migodini, na chini yake akina mama wengi hupika bukari kwa mbabula. Tena wako watoto waliolipiwa karo kwa magunia ya makala. Mwalimu asimwaibishe mtoto wa namna hiyo mbele ya wenzake, wala asimfiche ukweli. Amfundishe linalowezekana.

Nalo lipo. Miti mingi ya miombo ikikatwa huchipua tena kisikini, mradi moto usiyaunguze machipukizi. Ng’ambo ya mpaka, karibu na Ndola, majaribio yaliyoanza mwaka 1933 yalionyesha jambo hilo wazi. Moto wa mwisho wa kiangazi, majani yakiwa makavu kabisa, uligeuza mwitu kuwa mbuga. Penye moto wa mapema miti ilidumu vizuri zaidi, na palipokingwa moto kabisa mwitu ulisongamana. Kwa hiyo mchoma makala anayevikinga visiki vyake anawawekea wajukuu akiba.

Mwalimu atasema: “Sina vyombo.” Havihitajiwi vingi. Mwezi Oktoba, saa sita mchana, wanafunzi wapime joto la udongo chini ya mwembe, kisha la uwanja ulio wazi. Wataona wenyewe kwamba kivuli huzuia jua, nao mvuke utokao majanini hupoza hewa. Kopo lenye kuta zilizonyooka latosha kupimia mvua kila asubuhi. Lubumbashi hupata milimita 1,200 hivi kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Aprili. Darasa litazame kama kwao ni vivyo hivyo. Kisha wachore ramani ya mtaa: miti, mitaro, na mahali maji yanapoula udongo. Mvua hiyo ndiyo inayoujaza mto Lufira, na Mwadingusha umeme umetolewa katika maji yake tangu mwaka 1930. Udongo unaosombwa mtoni hujaza bwawa.

Wengine husema: “Joto la dunia limeletwa zaidi na nchi za viwanda, sisi tufanye nini?” Neno hilo ni la kweli, na mwanafunzi alijue, hasa yeye ambaye shaba na kobalti ya nchi yake huchukuliwa kuundia mitambo ya dunia nzima. Ajue kudai haki. Lakini kivuli cha mwembe huanguka hapa hapa, na mtaro ulioziba hufurika hapa hapa.

Mwisho, neno juu ya kupanda miti. Siku ya kupanda huwa na nyimbo na furaha nyingi, lakini mche hujaribiwa wakati wa kiangazi. Kila mche uandikwe katika daftari la darasa pamoja na majina ya wanafunzi wawili wanaoutunza, na mwezi Oktoba ihesabiwe iliyo hai. Nanyi wazazi, mtoto akiomba maji yaliyooshea mboga ayapeleke shuleni, msimnyime.