Mwanamuziki na Kibarua cha Nje

Mzozo huu ni wa zamani, na kila mara huzuka upya. Mpiga gita wa bendi fulani amesikika katika nyimbo za watu wengine, mwenye bendi amekasirika, na kabla mwezi haujaandama bendi imekatika vipande viwili. Wapenzi nao hugawanyika: hawa humwita mwanamuziki haini, wale humwita mwenye bendi dhalimu. Twaona jambo hili lastahili kutiwa katika mizani.

Wako wenzetu hapa pwani wasiotaka kabisa kusikia habari za gita. Rai yao twaiheshimu. Lakini tunayoyasema leo ni kazi, ujira na ahadi, na hayo yamhusu kila Muislamu, awe fundi wa majahazi au mpiga fidla.

Kwanza tuulize: kwa nini mwanamuziki atoke nje? Huko Nyamache, katika vilima vya chai vya Kisii, mpiga obokano hana fitina hii. Obokano ni kinubi kikubwa cha Wagusii chenye nyuzi nane. Akiwa na chombo chake na sauti yake, mpigaji akialikwa huenda, na apewacho ni halali yake. Mpiga gita wa bendi sivyo. Mara nyingi gita, vipaza sauti na hata jina la bendi ni mali ya mtu mwingine. Yeye ana vidole vyake tu. Hupiga mpaka alfajiri akapewa posho, na wimbo ukivuma faida humpita kando. Mtu huyu akiitwa na jirani akarekodi nyimbo mbili apate karo ya wanawe, pana ajabu gani?

Hata hivyo, haja haihalalishi siri. Mwaka 1968 Franco, mkuu wa O.K. Jazz ya Kinshasa, alipokuwa safarini Ulaya, mpiga saksafoni wake Verckys aliwachukua baadhi ya wenzake akarekodi nao kwa faida yake mwenyewe. Franco aliporejea, hapakukalika. Mwaka 1969 Verckys alitoka, akaunda Orchestre Vévé. Kipaji chake hakuna anayekikana. Aibu ya kisa kile ni kufanya jambo mgongoni mwa mtu ambaye bado wala naye sahani moja.

Nasi twajua mwisho wa bendi inapokatika. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, waliunda Simba Wanyika hapa Mombasa mwaka 1971, kisha wakahamia Nairobi. Mwaka 1978 mpiga gita Omari Shabani, aliyejulikana kwa jina la Profesa, mpiga besi Tom Malanga na mpiga ngoma Rashid Juma waliondoka. Wakajiunga na mwimbaji Issa Juma na John Ngereza, na Les Wanyika ikazaliwa. Nani alikuwa na haki hatuamui. Wasikilizaji walipata neema, kwani "Sina Makosa" ilivuma Afrika Mashariki nzima. Lakini bendi ya kwanza iliondokewa kwa mpigo mmoja na watu waliokuwa uti wa mgongo wake, ikabidi ijengwe upya.

Je, hapana njia ya kati? Ipo, na watu wa taarabu waijua. Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, aliimba taarabu na Culture Musical Club na vikundi vingine, na huku akiendelea na ngoma zake za unyago. Hakuna aliyemwona haini. Na kwetu, mpiga tabla akiitwa harusini na mwimbaji mwingine huenda, mradi wenzake wajue na siku isigongane na siku yao.

Basi rai yetu ni kwamba kibarua cha nje kisikatazwe, bali kiandikiwe masharti. Mwenye bendi anayemzuia mtu riziki ya nje na awe tayari kumlipa ya ndani inayomtosha, na amlipe kabla jasho halijamkauka. Bendi hunyamaza mwezi mzima wa Ramadhani. Anayemkataza mpigaji wake kutafuta kwingine akumbuke kuwa futari hainunuliwi kwa sifa. Na mwanamuziki naye atoe habari mapema, asiuze nje wimbo uliotungwa na wote, wala asilitumie jina la bendi kujipatia soko. Hilo ni khiyana, na ufukara si udhuru wake.

Wenye bendi wa Mombasa, Malindi na Lamu wasingoje mpaka fitina iingie. Wakae na vijana wao sasa, waandike karatasi na kutia sahihi mbele ya mashahidi, kabla Mfungo Mosi haujaingia na harusi kufululiza.