Tuzo Si Ujira

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Walisema hivyo kwa kuwa waliona ngomani kwamba mchezaji aliyejulikana na watu wake hakuachwa aondoke mikono mitupu. Aliyependezwa aliinuka, akamwendea, akamtuza fedha mbele ya macho ya wote. Sinema ya siku hizi imeliazima neno hilo ikaligeuza maana. Hutoa tuzo za chuma na kioo, hupiga makofi mengi, kisha humwacha mchezaji aende zake akatafute riziki mahali pengine. Miongoni mwa wanaoumizwa sana na mgeuzo huo katika Marekani ni mchezaji mwanamke aliyebadili jinsia, yaani yule aliyehesabiwa mwanamume alipozaliwa, naye akajijua na kuishi kuwa mwanamke. Na wa kwanza kustahili lawama ni sinema huru, ile itengenezwayo nje ya makampuni makubwa ya Hollywood, kwa sababu ndiyo ijitapayo kuwa kimbilio la waliokataliwa.

Mfano unaobeba sifa na lawama pamoja ni picha ya Tangerine, iliyoonyeshwa kwanza katika tamasha la Sundance mwezi wa Januari 2015. Mwongozaji wake, Sean Baker, aliipiga kwa simu za mkononi za iPhone 5s katika mitaa ya Hollywood. Wachezaji wake wakuu, Kitana Kiki Rodriguez na Mya Taylor, walikuwa wanawake waliobadili jinsia, na majina yao hayakuwa yakijulikana katika sinema. Hadithi yenyewe ilichotwa katika maisha waliyoyajua. Walitoa nyuso zao, misemo yao na mizaha yao. Taylor alitaka ugumu wa maisha hayo uonyeshwe bila ya kupakwa asali, na papo hapo alitaka watazamaji wacheke. Februari 2016 alipewa tuzo ya Independent Spirit ya mchezaji bora wa kike msaidizi, akawa mtu wa kwanza wa hali yake, anayejulikana waziwazi, kuipata. Kutoka jukwaani aliwaambia watengenezaji waliojaa mbele yake kwamba vipaji vya namna hiyo vipo, wavitwae wavitie katika picha zao zijazo. Wakampigia makofi.

Inafaa kuuliza maneno hayo yalitoka wapi. Taylor amesimulia hadharani kwamba kabla ya picha hiyo aliomba kazi 186 katika mwezi mmoja, akaitwa kwenye usaili mara 26, asipate hata moja, na kwamba dhiki ilimsukuma kujiuza barabarani. Hayo yalitokea Los Angeles, katika jimbo la California, ambalo lilipitisha sheria ya kukataza ubaguzi huo katika ajira mwaka 2003. Sheria ilikuwapo kitabuni, kazi haikuwapo. Mtu wa namna hiyo anaposimama mbele ya watu wa sinema huomba jambo la kawaida kabisa, ambalo seremala na karani hulipata bila ya kupigiwa vigelegele: kazi ya leo, kisha kazi ya kesho.

Wala jambo hili si geni. Mwaka 1970 Holly Woodlawn alicheza katika picha ya Trash, iliyoongozwa na Paul Morrissey na kutolewa kwa jina la Andy Warhol. Mchezo wake ulisifiwa hata George Cukor, mwongozaji mashuhuri wa Hollywood, akataka atajwe miongoni mwa wanaogombea Oscar. Hakutajwa. Kabla ya muongo huo kwisha alikuwa amerudi Miami kwa wazazi wake, akiondoa vyombo mezani katika mkahawa. Alikufa Los Angeles mwezi wa Desemba 2015, mwaka uleule ambao wahakiki walishangilia Tangerine kana kwamba ndiyo kwanza mwanamke wa namna hiyo aonekane katika sinema huru. Miaka 45 ilikuwa imepita kati ya picha hizo mbili. Anayeita jambo lile lile jipya kila kizazi hukwepa kulipa deni la kizazi kilichotangulia.

Watetezi wa desturi hii wana hoja tatu, na kila moja yastahili jibu.

Hoja ya kwanza ni kwamba mchezo ni kuigiza: mfalme hachezwi na mfalme, wala muuaji na muuaji. Hoja hii ni tamu, walakini mizani yake ina kitanga kimoja. Hilary Swank alipata Oscar mwaka 2000 kwa kumcheza kijana aliyebadili jinsia katika Boys Don't Cry. Jared Leto aliipata mwaka 2014 kwa kumcheza mwanamke wa namna hiyo katika Dallas Buyers Club. Eddie Redmayne aliigombea mwaka 2016 kwa The Danish Girl, na mwaka 2021 akakiri kwamba kuipokea nafasi ile kulikuwa kosa. Ikiwa kila mtu aweza kumwigiza kila mtu, basi mwanamke aliyebadili jinsia na aitwe amcheze hakimu, mwalimu, mjane, mke wa mchungaji. Hapo ndipo hoja hukatika. Mlango uliotajwa kuwa wazi kwa wote hufunguka kwa upande mmoja tu. Fauka ya hayo, Jen Richards, mchezaji na mwandishi, ameonyesha katika filamu ya Disclosure ya mwaka 2020 kwamba mwanamume avuaye gauni na kupanda jukwaani na ndevu zake kupokea tuzo huwafundisha watazamaji kuwa mwanamke aliyemcheza alikuwa mwanamume aliyejificha. Funzo hilo halibaki ukumbini. Humfuata mwanamke huyo barabarani usiku, na aghalabu hulipwa kwa damu.

Hoja ya pili ni ya fedha. Husemwa kwamba picha haiuziki pasipo jina kubwa. Neno hilo likitoka kinywani mwa kampuni kubwa laeleweka, maana kampuni hiyo haijapata kudai kuwa imeumbwa kwa ajili ya kitu kingine. Likitoka kwa sinema huru ni kujikana. Uhuru wake ni uhuru gani, ikiwa humwogopa mwenye duka kuliko mwenye duka anavyojiogopa? Tangerine haikuwa na jina kubwa hata moja, nayo ilipata wasambazaji, ikapita katika majumba ya sinema, ikampandisha cheo mwongozaji wake. Hapana ubaya katika kupanda huko. Baker alistahili, na mwezi wa Machi 2025 alipokea Oscar nne usiku mmoja kwa picha ya Anora. Ubaya ni kwamba ngazi ile haikuwa na vidato sawa kwa wote walioishika. Taylor baada ya tuzo yake alionekana katika Happy Birthday, Marsha!, picha fupi juu ya mpigania haki aliyebadili jinsia, na katika Stage Mother ya mwaka 2020, hadithi ya kilabu ya wanaume wachezao kwa mavazi ya kike. Kipaji kilichoshinda vipaji vya mwaka mzima kiliitwa tena katika chumba kilekile.

Hoja ya tatu husemwa kwa sauti ya upole, nayo ndiyo mbaya kuliko zote: kwamba mchezaji huyu ashukuru, maana zamani hata hicho hakikuwapo. Ni vema kumtazama Daniela Vega wa Chile. Sebastián Lelio alimwita kwanza awe mshauri, kisha akamwona kuwa ndiye mchezaji mkuu wa Una mujer fantástica ya mwaka 2017. Mwezi wa Machi 2018 picha hiyo ikapata Oscar ya picha bora ya lugha ya kigeni, na Vega mwenyewe akapanda jukwaa lile mbele ya ulimwengu. Usiku huo kitambulisho chake cha nchi yake kilikuwa bado na jina lisilo lake. Sheria ya Chile ya kuwaruhusu watu kama yeye kubadili jina na jinsia katika hati ilitiwa sahihi mwezi wa Novemba 2018, ikaanza kutumika Desemba 2019. Sifa ilifika mbali kabla ya haki kutoka mlangoni. Nani basi alipaswa kumshukuru mwenzake?

Shukrani hailipi kodi ya nyumba. Picha ya fedha kidogo hupigwa kwa majuma machache. Kabla yake ni miezi ya kungoja, na baada yake ni miezi ya kuzunguka matamasha na kujibu maswali ya waandishi. Chama cha wachezaji wa sinema cha Marekani kina mapatano maalumu yanayoziruhusu picha ndogo kulipa pungufu, na bima yake ya matibabu hupatikana kwa mchezaji aliyefikisha kiasi fulani cha mapato kwa mwaka. Kwa hiyo mwenye nafasi moja kila baada ya miaka miwili hukosa mshahara, na pamoja na mshahara hukosa daktari. Mkono uliopigiwa makofi ndio huo unaohesabu senti.

Msomaji wa Kiswahili ana faida moja katika mjadala huu. Lugha yake humwita mwanamume na mwanamke kwa neno moja, yeye, na kitenzi chake hakiulizi jinsia ya mtenda. Kwa Kiingereza kurasa nyingi zimekwisha kwa ugomvi juu ya kiwakilishi, na swali la ujira likasahauliwa chini ya meza. Kwa Kiswahili lasemeka bila pingamizi: yeye amefanya kazi, yeye alipwe, yeye aitwe tena.

Njia haijafichika. Waliotengeneza Disclosure walijipa sharti la kuajiri watu waliobadili jinsia nyuma ya kamera, na pale walipomkosa mwenye ujuzi, aliyeajiriwa badala yake alitakiwa amfundishe mmoja wao. Hilo lilifanywa kwa picha moja. Laweza kufanywa kwa mia. Mwandishi na aandike daktari ambaye jinsia yake si habari ya hadithi, na mwongozaji na amwite Taylor au mwenzake kwenye usaili wa nafasi hiyo. Mhakiki naye, badala ya kuhesabu tuzo, na aulize juu ya kila picha inayosifiwa kwa ushujaa swali hili moja: baada ya taa kuzimwa, mchezaji yule alipata kazi ya pili? Picha isiyoweza kujibu imechukua maisha ya mtu kwa mkopo, na mkopo huo bado haujalipwa.