JOTO LA KIWANDA LAPIMWA, LA NYUMBA ZETU JE?



Siku hizi iko kamera isiyohitaji nuru. Hupiga picha ya joto litokalo katika kila kitu, yaani ile miali isiyoonekana kwa macho ambayo William Herschel aliitambua huko Uingereza mwaka 1800. Katika picha hiyo penye joto hung'aa, na penye baridi huwa giza.

Faida yake kiwandani ni dhahiri. Viwanda vya chai vya kwetu, kama Kebirigo, Nyansiongo na Sanganyi katika Nyamira, au Ogembo na Kiamokama katika Kisii, huchoma kuni kupata mvuke wa kukaushia majani. Bomba la mvuke likiwa tupu, kamera hulionyesha mara moja, fundi akalivika. Kuni hupungua, na kuni ni fedha. Jambo hilo twaliunga mkono, kwani mtia kuni naye hupunguziwa mzigo.

Lakini twauliza: kamera ikimaliza mabomba, kwa nini isikague na nyumba za wafanyakazi? Nchi yetu ni ya milima. Mji wa Kisii uko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na Nyansiongo ni juu zaidi. Nyumba ya mabati isiyo na dari hupoteza joto upesi jua likitua. Ndipo mtu huingiza jiko la makaa ndani, akafunga mlango na kuziba kila tundu. Hewa ya sumu itokayo katika makaa haina rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Basi baridi ya nyumba si jambo dogo.

Wako watakaosema kwamba vipimo hivi ni vya nchi za theluji. Sivyo. Joto hutoka penye joto kwenda penye baridi, Ulaya na Nyamira sawasawa. Tena Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa, au fedha za kutosha za kupangia.

Basi twataka mambo matatu. Kwanza, nyumba zipimwe kabla ya alfajiri, wakati ndani kuna joto na nje baridi. Pili, mjumbe wa chama awepo, naye ajue kwamba bati jipya linalong'aa huidanganya kamera, maana huakisi ubaridi wa mbingu. Sharti libandikwe kipande cha utepe mweusi, kisha kipimwe hicho. Tatu, dari ziwekwe na nyufa zizibwe, lakini tundu la hewa libaki wazi, na jiko likae nje.

Anayehesabu joto la bomba ahesabu na la mtu anayelitunza bomba hilo.

Umoja ni nguvu.